Mwalimu na Shairi la Shati

Mwalimu hakupenda makofi. Mtu akipiga makofi sebuleni kwake, aliinua kiganja kama askari wa barabarani na kusema, "Hayo tuwaachie wanasiasa. Hapa tunanyamaza." Basi tulinyamaza, gitaa likaendelea kuvuma kidogo kwenye paja lake mpaka likaisha lenyewe. Ndipo alipomtazama mmoja wetu na kuuliza, "Umebaki na mstari gani?" Ulitakiwa kuurudia mstari mmoja uliokugusa. Ukikosea neno hakukasirika. Alisema labda ulivyokosea ni vizuri zaidi kuliko alivyoandika yeye, na mara nyingine alikwenda kulibadilisha shairi kweli.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mjane, mwembamba, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni hata kwenye joto la Januari. Alipanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la Migori. Mimi duka langu la leso na vitenge liko upande wa pili wa barabara. Babangu alilifungua alipohama kutoka pwani kabla sijazaliwa, na mimi na kakangu mdogo, Twahir, tumezaliwa na kukulia papa hapa. Twahir ana kibanda cha simu mlango wa pili.

Mikutano yetu ilikuwa Jumamosi jioni. Mwalimu alikuwa Msabato, kwa hiyo hakugusa nyuzi za gitaa kwa mambo ya dunia hadi jua lizame. Mimi nilikuwa nangoja jua hilohilo niswali magharibi. "Sisi wawili tunasimamiwa na saa moja," alipenda kuniambia. Nikimaliza kuswali navuka barabara, nakuta chai imeshachemka na viazi vitamu vimefunikwa kwa kitambaa. Tulikuwa watu wachache tu: muuguzi mstaafu, fundi wa redio na mkewe, mwenye duka la mbegu, na mimi. Wengine walikuja mara moja wasirudi, kwa sababu chai ya Mwalimu haikuwa na sukari ya kutosha na hapakuwa na kucheza ngoma. Kabla ya saa mbili na nusu alituondoa, kila mtu alale kwake.

Mashairi yalikuwa yake, gitaa lilikuwa lake, lakini sauti haikuwa yake. Aliyeimba ni Boke, msichana wa Kikuria aliyetoka Kegonga, mwenye saluni karibu na stendi. Mwalimu alimsikia akiimba huku anasuka nywele za mteja, akasimama mlangoni mpaka wateja wakadhani ana jambo na mmoja wao. Kwa siku kadhaa alipita pale kumshawishi. Watu wa mjini waliuliza kwa nini Mjaluo mzima atafute Mkuria wa kumwimbia, kana kwamba kwao sauti zimeisha. Mwalimu aliwajibu, "Nilikuwa natafuta sauti. Ningekuwa natafuta shemeji ningeenda kwingine."

Nikisema juu yake naanza kucheka, kisha nakumbuka, kicheko kinakwama.

Mambo yake yalipingana. Alituhubiria kwamba muziki wa vilabuni unaharibu masikio, lakini vidole vyake vilikuwa vya vilabuni kabisa. Kidole gumba kilitembea peke yake chini, vingine vikirukaruka juu kama kuku anayedonoa mtama, na fundi wa redio alikuwa akitikisa goti bila kujijua. Pombe aliiacha zamani. Hata hivyo, mpiga gitaa mzuri akija mjini ungemkuta Mwalimu nje ya klabu, upande wa dirisha, chupa ya soda mkononi, anasikiliza kwa kuiba. Ukimsalimu alisema anangoja mtu.

Darasani, nasikia, alikuwa mkali. Mwenye duka la mbegu alisoma kwake. Alituambia siku moja, Mwalimu akiwa jikoni, kwamba aliwahi kusimamishwa mbele ya darasa atamke "mashauri", akawa anasema "masauri", na Mwalimu akamrudisha, na kumrudisha tena, mpaka darasa zima likalala chini kwa kicheko. "Na yeye?" nikauliza. "Na yeye alicheka," mwenye duka akasema. "Lakini hebu fikiria. Hakulitamka yeye. Aliliandika ubaoni na kutuonyesha kwa fimbo."

Sikufikiri. Nilikuwa nikimjua kwa miaka na sikuwa nimeona.

Mimi aliniita nyara. Siku ya kwanza aliponiita hivyo dukani, babangu, alipokuwa hai, alishtuka akaweka mkasi chini. Kwetu nyara ni mateka. Mwalimu alicheka hadi akashika meza, akaeleza kwamba kwa Kijaluo ni binti yangu. Tangu hapo babangu aliniuliza kila jioni kama mateka wa Mwalimu amekula. Nilidhani Mwalimu ananiita hivyo kwa mapenzi tu. Boke ndiye aliyenifungua macho baadaye sana. "Wewe unaitwa Zuhura," alisema. "Yeye hana hiyo zeti. Angekuita Suhura mbele ya babako Mswahili? Mzee alikuwa anaona haya."

Neno haya alilipenda. Alisema haya na aibu si ndugu, ni majirani tu: haya unavaa mwenyewe asubuhi, aibu unavalishwa na watu. Akaongeza kwamba kwao kuna neno moja kwa yote mawili, wichkuot, kichwa kuvimba, na kwamba ndivyo hasa inavyokuwa, kichwa kinakuwa kikubwa mpaka hujui ukipitishe mlango gani.

Mashairi yake hayakuwa ya mambo makubwa. Aliandika juu ya mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi, juu ya mama anayepunja mahindi kwa kopo la gorogoro lililobonyea, juu ya radi. Lakini lililokuwa likisubiriwa lilikuwa moja, la marehemu mkewe, aliyekuwa mshonaji. Alikuwa akiliandika tangu nimjue. Mara amalize, mara alivunje. Alimfundisha Boke kwa wiki nyingi, beti baada ya beti, mlango umefungwa, na akatutangazia kwamba Jumamosi fulani ya mwezi wa nne tutalisikia lote. Aliazima viti kwa muuguzi. Alinunua sukari ya kutosha.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Boke alikuja amejifunika shuka la Kimasai, koo limekauka kwa mafua, anaongea kwa kunong'ona. Twahir alikuwa amenisindikiza kwa sababu ya matope, na Mwalimu, kwa ukarimu wake, akamwambia asingoje nje, aingie anywe chai. Twahir akakaa karibu na mlango.

"Tuahirishe, Mwalimu," Boke akanong'ona.

Mwalimu alitazama viti vilivyojaa. Alimtazama muuguzi, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasema, "Leo ni siku yake. Nitajaribu mwenyewe. Mnivumilie."

Akapiga gitaa. Sijawahi kulisikia likipigwa vile, polepole, kidole gumba kikisita kama mtu anayepanda ngazi gizani. Kisha akaimba. Maneno yenyewe, kama alivyoyaandika, ni haya:

*Ulinishonea shati, kwa sindano na subira,*
*Ukashikiza kwa kati, vifungo vya rangi bora,*
*Leo nashika mashati, ya duka, hayana sura,*
*Shingo yangu haipati, kola isiyonikera.*

Alikuwa ameliandika kwa ajili ya mdomo wa Boke. Mke alikuwa mshonaji, na neno kushona lina sauti ileile ambayo ulimi wa Mwalimu haukuwahi kuipata tangu utotoni. Alikuwa ameijaza humo kila mahali, kwa mapenzi, kama mtu anayemnunulia mkewe kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukivaa. Na sasa ilibidi aiimbe mwenyewe. Likatoka sati. Likatoka ulinisonea na ukasikiza na singo. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Muuguzi alikuwa amefumba macho.

Kwenye ubeti wa tatu Twahir alicheka.

Hakucheka kwa nguvu. Ilikuwa pumzi iliyomponyoka puani, na angeikohoa ingepita. Lakini mke wa fundi wa redio akaidaka, naye akaziba mdomo na leso, mabega yakitikisika, na ule utulivu wa chumba ukapasuka. Mwalimu aliinua macho. Alimwona Twahir, akaona simu ambayo Twahir alikuwa ameishika usawa wa kifua. Mimi nilikuwa nikitazama kikombe changu. Vidole vya Mwalimu vilisimama. Alilaza kiganja juu ya nyuzi zote kwa pamoja, jinsi unavyomfunika mtu mdomo.

"Samahani," akasema. "Chai inapoa."

Akaamka akatumiminia sisi wote, mmoja mmoja, Twahir pia. Akamwekea sukari vijiko viwili.

Tulipovuka barabara nilimwambia Twahir aifute ile video. Akasema ameshaifuta. Kumbe alikuwa ameshaituma kwa rafiki zake watatu, na hao wana rafiki zao. Kufikia Jumatatu ilikuwa imefika stendi. Ilikuwa fupi, inaanza pale anaposema "sati" na kuishia kwenye kicheko. Mtu aliiongezea muziki. Wauza mitumba wakaanza kuita wateja kwa sauti ya Mwalimu, "Sati! Sati suri!" Watu waliokuwa wakiita hivyo wengi wao wana ulimi uleule wa Mwalimu, na hilo ndilo sikulielewa, walivyojicheka wenyewe kupitia kwake. Mteja mmoja akaja dukani kununua leso, akanionyesha video hiyo bila kujua nyumba ilikotoka. Akasema, "Ona hawa walimu wetu. Afadhali nyinyi watu wa pwani, Kiswahili chenu ni cha kuzaliwa nacho."

Nimesifiwa Kiswahili changu maisha yangu yote katika mji huu, na maofisa, na abiria, na walimu wa watoto wangu. Sikukitafuta. Nilikikuta mdomoni kama meno. Siku hiyo sifa hiyo sikuipokea. Nikafunga duka mapema.

Nilikwenda kwa Mwalimu jioni hiyo na mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akasema ameamka alfajiri, amepakia vitu kwenye gari la mizigo, amerudi kwao Kosele. Boke alinikuta nimesimama pale. Koo lake lilikuwa limepona.

"Umekuja kuomba msamaha kwa kufuli?" akaniuliza.

"Boke, mimi sikucheka."

"Najua hukucheka. Nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unaangalia kikombe." Akafungua shuka akalifunga upya. "Yule mzee alinifundisha hiyo wimbo miezi. Kila siku ananiandikia kwa karatasi, ananionyesha na kalamu, hasemi. Nikamwambia, Mwalimu, sema tu, mimi sitacheka, hata mimi Kiswahili yangu ni ya Kegonga. Akakataa. Sasa siku ameamua kusema, mmemfanyia hivyo. Nyumba yenu."

Nyumba yenu. Hakusema Twahir. Na alikuwa sawa, kwa sababu tunavyojua sisi, mtu mmoja hana aibu yake peke yake.

Twahir mwanzoni alikuwa mkaidi. "Dada, ni mzaha tu. Mbona watu wanachekwa kila siku?" Lakini mji ni mdogo. Fundi wa redio aliacha kununua vifaa kwake. Muuguzi alipita mbele ya kibanda bila kumjibu salamu, mwanamke aliyemshika siku aliyozaliwa. Baada ya mwezi Twahir hakuwa akisema tena ni mzaha. Alikuwa akifunga kibanda watoto wa shule wakipita, kwa sababu walikuwa wakimfurahia, wakimwita mwenye video. Jioni moja alikaa juu ya majora ya vitenge na kuniambia, "Nitakupeleka Kosele. Lakini sitaweza kuingia."

Tulikwenda Jumapili moja, kwa gari lake dogo, kupitia Rongo na Homa Bay. Kosele tuliuliza nyumbani kwa mwalimu mstaafu mwenye gitaa ni wapi, na mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya sokoni akatuelekeza, akaongeza, "Lakini gitaa hapigi. Tumesikia ati anapiga, hatujawahi kusikia." Twahir alisimamisha gari mbele ya ua wa miti na kuzima injini. Akabaki ameshika usukani. Nikashuka peke yangu.

Mwalimu alikuwa ameketi barazani akichambua mtama kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa wazi shingoni. Aliponiona aliweka ungo chini, akasimama, akanipa mikono miwili kama mgeni wa heshima, akaniletea kiti. Akaniuliza habari za duka, za watoto, za mvua ya Migori. Nikajibu yote. Kisha sikuweza tena.

"Mwalimu, nimekuja kwa sababu ya kakangu. Nimekuja kwa sababu ya nyumba yetu. Sina uso wa kukutazama."

Kuku walipita.

"Nyara," akasema, "unadhani mimi nilikimbia kicheko? Mimi nimecheka watoto darasani kwa jambo hilohilo. Miaka yote ile nimewacheka, na ulimi wangu nimeuficha nyuma ya ubao. Kicheko nilikuwa nakidaiwa. Kilikuja kwa njia yake." Alifuta mikono kwenye suruali. "Kinachonitoa usingizini si hicho. Niliacha katikati. Unaelewa? Nilikuwa naye, yuko pale, namwimbia, na mtu mmoja alipocheka nilimwacha mke wangu njiani nikaenda kumimina chai. Kwa sababu ya sauti ya herufi mbili. Hata aliponiugulia sikumwacha. Nimekuja kumwacha wakati ambapo hawezi hata kunifuata."

Nilikuja na maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Rongo, na hakuna hata moja lililofaa mahali hapo.

"Kakako yuko wapi?"

"Yuko kwenye gari. Ameshindwa kuingia."

Mwalimu alitembea mwenyewe hadi kwenye ua. Niliwaona kutoka barazani: mzee ameinama kwenye dirisha la gari, Twahir ametazama magoti yake. Sijui walisemezana nini. Walirudi pamoja, na Twahir alipofika kwenye ngazi alipiga magoti, mtu mzima mwenye watoto, akasema, "Mwalimu, nisamehe." Mwalimu alimwonyesha kiti, akaingia ndani, akatoka na gitaa.

Lilikuwa na vumbi. Alilikaza nyuzi kwa muda mrefu, moja ikalia vibaya, akairudia. Jua lilikuwa bado lipo, lakini haikuwa Sabato. Akaanza shairi tangu mwanzo, kwa sauti yake, kwa ulimi wake, shati kwa sati, na hakukwepa hata neno moja. Alipofika pale alipokuwa amekatiza nilimwona Twahir akifumba macho. Mwalimu hakusita. Alipita pale kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kuibiwa, na kuendelea, na beti ambazo hatukuwa tumezijua zikatoka, hadi ule wa mwisho:

*Ulipofunikwa shuka, sikujua kushonea,*
*Na uzi ukakatika, pindo likaning'inia,*
*Sasa nashika, nashika, nguo iliyobakia,*
*Mshonaji akitoka, anayevaa hulia.*

Hakutuuliza tumebaki na mstari gani. Twahir alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi pia sikujizuia. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa na macho makavu. Alionekana kama mtu aliyefika.

Baadaye nilimwambia kwamba sebule yangu iko wazi Jumamosi yoyote, na kwamba Boke anamngoja, na fundi, na muuguzi. Nilisema tutamjia na gari. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimewasamehe," akasema. "Wewe, na huyu. Nasema kwa kinywa changu, mbele ya Mungu. Lakini Migori sirudi, nyara. Kusamehe ni kazi moja na kukaa nanyi tena chumba kimoja ni kazi nyingine. Mimi nimezeeka. Nina nguvu ya kazi moja."

Alisema kwa upole sana. Ningependelea angenipigia kelele.

Tulipoaga alikataa tuondoke mikono mitupu. Alimkimbiza kuku jike mwekundu kuzunguka jikoni, akamkamata, akamfunga miguu kwa kamba ya mkonge na kunipa mikononi. Nikasema hapana, Mwalimu, si leo, si sisi. Akasema mgeni hachagui. Akatusindikiza hadi barabarani, akasimama pale mkono juu mpaka tulipokata kona.

Kuku alikuwa na joto mapajani mwangu njia nzima. Karibu na Rongo Twahir aliniambia, "Dada, ametusamehe." Nikasema ndiyo.

Kuku huyo bado yuko uani kwetu. Ameshaangua vifaranga mara kadhaa, na vifaranga hao walipokua wengine tumewala na wengine tumewagawa. Yeye mwenyewe amezeeka, hatagi tena, anamwaga maji ya mbuzi na kuchafua ngazi. Mke wa Twahir huuliza mara kwa mara tunamngojea nini. Kisu tunacho. Asiyekuwepo ni mwenye uso wa kumshika.